Mpango wa Imja Tse: Safari Inayopangwa kwa Mahali pa Kulala

Oktoba mwakani kundi dogo la wapanda milima kutoka Moshi, Arusha na Nairobi litakwenda Khumbu, kaskazini-mashariki mwa Nepal, kutembea hadi kambi ya chini ya Everest na kisha kupanda Imja Tse, kilele ambacho wageni wengi wanakifahamu kwa jina la Island Peak. Nimepewa kazi ya kupanga safari hiyo kwa kushirikiana na wakala wa Kathmandu, na ninaeleza hapa jinsi mpango wenyewe unavyojengwa, kwa sababu idadi ya watu wa Afrika Mashariki wanaoitazama Himalaya kama mahali pao pia inaongezeka. Wilfred Moshi, mwongozaji wa Kilimanjaro, alifika kilele cha Everest mwaka 2012 akiwa Mtanzania wa kwanza, na James Kagambi akafika mwaka 2022 akiwa Mkenya wa kwanza. Mwaka 2024 Mkenya mwingine, Cheruiyot Kirui, alifariki karibu na kilele hicho, na Nawang Sherpa aliyekuwa naye hakurudi. Majina hayo yote nayaweka mbele ya kila anayejiunga nasi, la huzuni pamoja na ya furaha, kabla hatujazungumza jambo lingine lolote.

Mpango haukuanza na bei wala orodha ya vifaa. Ulianza na karatasi yenye safu mbili: safu ya kwanza ina jina la mahali tutakapolala kila usiku, na ya pili ina kimo cha mahali hapo juu ya usawa wa bahari. Kila kitu kingine, kuanzia tarehe za ndege hadi uzito wa mizigo, kimepangwa baada ya karatasi hiyo kukamilika. Mlimani mtu anaweza kupanda juu sana mchana na akarudi salama, ila mahali anapolaza kichwa ndipo mwili wake unapodaiwa. Kanuni inayofuatwa na madaktari wa milimani ni kwamba, ukishavuka mita 3,000, kimo cha kulala kisiongezeke kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne uwepo usiku wa ziada mahali palepale. Kwenye mita 5,500 msukumo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi huingiza karibu nusu ya oksijeni ambayo mtu wa Tanga au Mombasa ameizoea. Mwili unaweza kujirekebisha, lakini unahitaji siku za kufanya hivyo, na mazoezi ya viungo hayawezi kuzifupisha siku hizo.

Hapa ndipo wenzangu wengi wa nyumbani wanapohitaji kunisikiliza kwa makini, hasa wale waliokwisha kusimama Uhuru. Imja Tse una mita 6,189, yaani mita 294 tu zaidi ya Kilimanjaro, na ni rahisi mtu kuona kwamba kazi kubwa ameshaimaliza. Lakini tazama namna Kilimanjaro inavyopandwa. Kwa njia ya Marangu, mgeni hulala Mandara kwenye mita 2,700 hivi, kesho yake Horombo kwenye mita 3,720, kisha Kibo kwenye mita 4,720, na usiku huohuo huamshwa kwenda kileleni. Anapanda karibu mita 1,000 kwa kila usiku, mara mbili ya kanuni niliyoitaja, na wengi wanafanikiwa kwa sababu wanashuka kabla ugonjwa haujapata muda wa kukomaa. Anayefika Gilman's Point, karibu na kilele, akiwa na kichwa kinachogonga anaweza kuwa Horombo jioni hiyohiyo. Kilimanjaro humpa mtu nafasi ya kuuwahi mwili wake, Khumbu haimpi. Kule tutalala juu ya mita 3,800 usiku baada ya usiku, na ugonjwa unaoanza kwa maumivu madogo ya kichwa Jumatatu unaweza kuwa hatari ya maisha ifikapo Jumatano. Tena, mazoea ya mwili kwa hewa nyembamba hupotea ndani ya wiki chache baada ya kushuka, kwa hiyo cheti cha Uhuru cha mwaka juzi hakimlindi mtu yeyote.

Karatasi yetu inakwenda hivi. Kutoka uwanja wa ndege wa Lukla, ulioko kwenye mita 2,800 na kitu, tunashuka kidogo hadi Phakding na kulala kwenye mita 2,610. Siku ya pili tunapanda Namche Bazaar, mita 3,440. Mruko huo wa mita 830 ni mkubwa, na kwa sababu hiyo tunalala Namche usiku mbili, tukitumia mchana wa kati kupanda hadi Khumjung, kijiji chenye shule iliyofunguliwa mwaka 1961 kwa juhudi za Edmund Hillary, na kurudi chini jioni. Kutoka Namche tunakwenda Tengboche, mita 3,860, penye monasteri kubwa ya Kibudha, kisha Dingboche, mita 4,410, ambako pia tunalala usiku mbili. Baada ya hapo ni Lobuche, mita 4,940 hivi, halafu Gorak Shep, mita 5,164, ambako tunalala usiku mmoja tu, tukifika kambi ya chini ya Everest mchana na kupanda kilima cha Kala Patthar alfajiri inayofuata. Kisha tunashuka. Tunarudi hadi Dingboche, tunalala, na ndipo tunapoingia bonde la Imja kwenda Chukhung, mita 4,730.

Kushuka huko kabla ya kupanda kilele ndiko kulikoleta mabishano makubwa zaidi katika vikao vyetu. Ipo njia ya mkato kutoka Lobuche hadi Chukhung kupitia kipito cha Kongma La, chenye mita 5,535, na baadhi yetu waliipenda kwa sababu ni nzuri kwa macho na inaokoa muda. Niliipinga na bado naipinga kwa kundi hili. Baada ya Gorak Shep watu huwa hawana hamu ya chakula, hawajalala vizuri, wengi wana kikohozi kikavu, na mchana mmoja katika hewa nzito ya Dingboche huwarudishia nguvu ambayo hakuna dawa inayoweza kuirudisha. Mtu anayekwenda kufunga kamba juu ya barafu saa saba usiku anahitaji kuwa amekula na amelala.

Kuhusu ugonjwa wenyewe, tumekubaliana kwamba kila mshiriki atazijua dalili kabla ya kupanda ndege. Maumivu ya kichwa, kichefuchefu, uchovu usio wa kawaida na kukosa usingizi ni dalili za ugonjwa wa kimo wa kawaida, na mwenye nazo hapandi zaidi mpaka zimwishe. Mtu anayepepesuka, asiyeweza kutembea kwenye mstari ulionyooka kisigino mbele ya kidole, au anayeongea mambo yasiyoeleweka, ubongo wake unavimba. Anayekosa pumzi hata akiwa ameketi, mapafu yake yanajaa maji. Hao wawili wa mwisho hawasubiri asubuhi. Wanashushwa usiku huohuo, hata kama ni kwa kubebwa. Asetazolamidi inaweza kusaidia mwili kuzoea, na kiasi cha kawaida cha kinga ni miligramu 125 asubuhi na jioni, lakini kila mmoja ataonana na daktari wake kwanza, hasa mwenye mzio wa dawa za salfa. Dawa hiyo haiondoi wajibu wa kushuka. Huko Pheriche, karibu na Dingboche, kuna zahanati ya Himalayan Rescue Association, chama kilichoanzishwa mwaka 1973, na katika msimu wa watalii madaktari wa hapo hutoa maelezo ya kila siku kuhusu ugonjwa wa kimo. Mchana wetu wa mapumziko Dingboche umepangwa ili kundi zima liweze kwenda kuyasikiliza, pamoja na wapagazi.

Msimu tuliochagua ni wa baada ya mvua za monsuni. Mvua hizo hunyesha kuanzia Juni hadi Septemba, na Oktoba anga huwa safi na njia zimekauka. Aprili na Mei nao ni msimu mzuri, wenye joto zaidi, lakini mawingu ya mchana huwa mengi, na ada ya kibali cha kupanda huwa juu kuliko ya msimu wa Oktoba. Hata hivyo sitaki mtu yeyote aione Oktoba kuwa ni ahadi. Oktoba 2014 mabaki ya kimbunga Hudhud kutoka Ghuba ya Bengal yalimwaga theluji nzito katika eneo la Annapurna, na watu wasiopungua 43 walipoteza maisha, wengi wao wakiwa katika njia ya kawaida ya matembezi karibu na kipito cha Thorong La. Waliokwama ni watembezi kama sisi, si wapanda vilele vya mita 8,000. Kwa sababu hiyo mpango wetu una siku moja ya akiba kwa ajili ya kilele na siku tatu za akiba mwishoni, na siku hizo hatutazijaza kwa shughuli nyingine.

Siku za akiba zina sababu ya pili, nayo ni Lukla. Njia ya ndege ya uwanja huo ina urefu wa mita 527, imejengwa kwenye mteremko, ina ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande wa pili. Ndege ndogo hutua na kuruka asubuhi, kwa kuwa mawingu na upepo hufunga bonde baadaye, na ikifungwa leo, abiria wa leo husubiri kesho pamoja na wa kesho. Katika miezi yenye wageni wengi ndege nyingi huondoka Manthali, wilaya ya Ramechhap, badala ya Kathmandu, na kufika huko kunataka safari ya gari ya saa nne au tano katikati ya usiku. Mzigo unaoruhusiwa ni kilo 15 kwa mtu, pamoja na begi la mkononi. Kwa hiyo tiketi za kurudi nyumbani kupitia Doha zimewekwa siku nne baada ya tarehe tunayotarajia kutoka Lukla.

Sasa kupanda kwenyewe. Imja Tse ulipandwa kwa mara ya kwanza mwaka 1953 na baadhi ya watu wa msafara wa Waingereza waliokuwa wakijiandaa kwa Everest, Tenzing Norgay akiwa miongoni mwao, na hadi leo huchukuliwa kuwa kilele cha kujifunzia. Kujifunzia hakumaanishi wepesi. Kutoka kambi ya chini, mita 5,087 hivi, watu huondoka kama saa saba usiku, wanapita kwenye mawe kwa taa za kichwani, kisha wanafika mahali pa kufunga meno ya chuma chini ya viatu na kuunganishwa kwa kamba. Barafuto, yaani mto wa barafu wa mlimani, ina nyufa, na kwa kuwa barafu imekuwa ikipungua, njia hubadilika mwaka hadi mwaka; kuna misimu ambapo ngazi za alumini huwekwa kuvukia nyufa hizo. Mwishoni kuna ukuta mkali wa theluji na barafu wenye kamba zilizofungwa, ambazo mtu huzipanda kwa kifaa kinachobana kamba, na juu ya ukuta ni ukingo mwembamba unaofika kileleni. Kuteremka ukuta huo kwa kamba, mtu akiwa amechoka, ndiko kunakohitaji mkono uliozoea.

Njia za kawaida za Kilimanjaro hazimfundishi mtu mambo hayo, kwa kuwa hazihitaji kamba. Bahati nzuri ni kwamba shule ipo karibu. Margherita, kilele cha Rwenzori chenye mita 5,109 kwenye mpaka wa Uganda na Kongo, bado kina barafu ambayo hupandwa kwa kamba na meno ya chuma, ingawa inayeyuka mbele ya macho yetu. Kila mshiriki wetu ambaye hajawahi kutembea juu ya barafu atakwenda huko Januari, wakati wa kiangazi. Wale wa Nairobi wataongeza mazoezi ya kamba kwenye miamba ya Hell's Gate. Nataka mtu afike Chukhung akiwa tayari anajua kufunga mkanda wake wa kiunoni gizani, akiwa amevaa glavu, bila kusaidiwa, ili mazoezi tutakayofanya pale na waongozaji wetu yawe ya kukumbushana.

Vibali vinashughulikiwa na wakala. Kibali cha kilele hutolewa na Nepal Mountaineering Association, na zaidi ya hicho kuna ada ya kuingia Hifadhi ya Taifa ya Sagarmatha na ada ya halmashauri ya Khumbu Pasang Lhamu, iliyopewa jina la Pasang Lhamu Sherpa, mwanamke wa kwanza wa Nepal kufika kilele cha Everest, mwaka 1993, ambaye alifia mlimani wakati wa kushuka. Tumeomba mwongozaji mmoja wa kupanda kwa kila washiriki wawili siku ya kilele, na tumeomba kuona leseni zao kabla ya kusaini chochote.

Suala la wapagazi limechukua sehemu kubwa ya barua zetu na wakala, nami sioni haya kusema kwamba ndilo linalonigusa kuliko yote. Katika kundi letu wapo waliowahi kubeba mizigo Kilimanjaro kwa miaka mingi kabla ya kuwa waongozaji; wanajua uzito wa begi la mtu mwingine shingoni. Huko Khumbu mizigo hubebwa kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso, na wengi wa wanaoibeba si Washerpa wa milimani bali ni Warai, Watamang na Wamagar kutoka vijiji vya chini, ambao miili yao huugua kimo kama yetu. Wapagazi wamewahi kufa kwa ugonjwa huo baada ya kurudishwa chini peke yao, bila mtu wa kuwaangalia. Kwa hiyo tumeweka masharti: mzigo usizidi kilo 30, na wetu tumeupanga uwe pungufu ya hapo, kila mpagazi awe na bima, koti, viatu na miwani ya theluji, alale ndani, na akiugua, ashuke na mwenzake anayezungumza lugha yake. Bahasha za bakshishi zitatolewa mkononi kwa kila mmoja wao. Aprili 18, 2014, wafanyakazi 16 wa Nepal walifunikwa na barafu na kufa katika maporomoko ya Khumbu, kwenye njia ya kupanda Everest, wakati wakitengeneza njia ya wageni, na fidia ya awali iliyotajwa kwa familia zao, rupia 40,000, iliwakasirisha Washerpa kiasi cha kuufunga msimu ule. Yeyote anayelipa kwa ajili ya safari ya aina hii anapaswa kujua nani anabeba hatari yake.

Bima ya washiriki ni lazima iandike waziwazi kwamba inagharimia uokoaji wa helikopta na upandaji wa vilele vinavyozidi mita 6,000 kwa kutumia kamba. Nyingi zinazouzwa kwa watalii huishia chini ya hapo. Chakula hakitakuwa na shida hata kwa Waislamu wa kundi letu. Katika bonde la Khumbu hakuchinjwi, kwa heshima ya dini ya wenyeji, na nyama hubebwa kutoka chini kwa siku kadhaa, kwa hiyo wote tutakula dal bhat, wali na dengu na mboga, ambao mtu huongezewa mpaka atosheke. Kwenye kuta za mawe yaliyochongwa maneno ya sala tutapita upande wa kushoto wa ukuta, kama wanavyopita wenyeji.

Bei ilikuja mwisho, baada ya hayo yote kuandikwa. Wakala mmoja, ambaye hatukuendelea naye, alitupa gharama ya chini sana, na tulipoilinganisha na karatasi yetu tukaona ameufuta usiku wa pili wa Dingboche, ameondoa siku za akiba na kuwaongezea wapagazi mzigo. Tuliyemchagua ni ghali zaidi, naye amekubali kipengele tulichokisisitiza: mwongozaji mkuu ana neno la mwisho kuhusu nani anaendelea na nani anashuka, hakuna mshiriki anayeweza kulipia ili neno hilo libadilishwe, na siku ya kilele kila mmoja anageuka ifikapo saa nne asubuhi, popote atakapokuwa. Kila mshiriki atasaini kipengele hicho kwa mkono wake. Malipo ya kwanza yatatumwa Kathmandu mwezi Februari, baada ya Rwenzori, kwa majina ya wale watakaokuwa wamefaulu mazoezi ya kamba.